Breki ya Mwalimu

Mwalimu alistaafu akiwa na miaka sitini na mitano, lakini mguu wake wa kulia haukupewa barua. Kwa miaka thelathini na minne mguu huo ulikuwa umening'inia sentimita mbili juu ya breki ya pili, ile iliyo upande wa mwalimu katika gari la mafunzo, ukisubiri mwanafunzi asahau tofauti kati ya kusimama na kuongeza mwendo. Wanafunzi walisahau karibu kila siku. Gari liliuzwa, kibao cha herufi kubwa kikatolewa juu ya paa, mguu ukaendelea na kazi. Akipanda teksi ulikanyaga sakafu kila kona. Akitazama filamu, gari likikaribia ukingo wa korongo, taabu ililipata zulia la sebuleni: mbele ya kochi lake palikuwa na mahali ambapo maua ya zulia yalikwisha kufutika, ukubwa wa kisigino.

Mtaani walimwita Mwalimu Breki. Yeye alilichukulia jina hilo kama cheo.

Hakuwahi kulala ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine, na alilisema hilo jinsi wengine wanavyosema hawajawahi kulala rumande. Binti yao alipoolewa mbali, yeye na mkewe walisafiri saa tisa kwa basi. Alikaa kiti cha mbele na kushuka akiwa amechoka kuliko dereva, ambaye kwa ripoti ya Mwalimu alifunga breki mara mia mbili na kumi na nane, nne tu kwa wakati unaofaa.

Kulikuwa pia na madaftari. Kila mwanafunzi aliandikwa jina, tarehe na mstari mmoja wa hukumu, ambao mwanafunzi mwenyewe hakuonyeshwa. "Ana macho, ila huyatumia kwa mambo mengine." "Mkono mmoja kwenye usukani, wa pili kwenye nywele." Kuhusu shemeji yake, mwenye bucha, alikuwa ameandika: "Anaendesha kama nyama itaoza, hata siku ambayo hana nyama." Hakuna mstari hata mmoja uliowahi kufutwa. Mkewe, aliyekuwa karani wa maktaba na ambaye hawezi kuona karatasi mbili bila kuzipanga, aliyaweka madaftari yote kwenye rafu kwa kufuata miaka, na ndani ya miaka kwa kufuata herufi.

Ugonjwa ulianza kwa adabu. Mwalimu akaanza kuvijua vyoo vya mji mzima, kile cha benki, kile cha kituo cha mafuta, kile cha mwenye duka la rangi ambaye ufunguo wake lazima uombwe kwa mazungumzo marefu. Alidhani ni umri. Mkewe hakudhani chochote, alimpeleka kliniki. Wakapima damu, wakatoa kinyama cha kupima, wakasubiri wiki mbili. Daktari wa kliniki akawaambia ni saratani ya tezi dume, bado imekaa ndani ya tezi, haijatoka kutembea. Ikitolewa mapema kuna matumaini makubwa. Ikiachwa, haitakaa hapo kwa heshima milele.

Na hospitali kuu, akaongeza daktari kama mtu anayetangaza ofa, imepata roboti ya upasuaji.

"Roboti ndiyo itakayonipasua?" akauliza Mwalimu.

"Daktari ndiye atakayekupasua. Roboti ndiyo itakayoshika vifaa."

"Na daktari atashika nini?"

"Atashika vya kuiongozea roboti."

Mwalimu alirudi nyumbani akiwa na fomu ya kukubali upasuaji ndani ya bahasha, na mguu ukikanyaga sakafu ya teksi mfululizo, kwenye kona na kwenye njia iliyonyooka.

Jioni ile shemeji alikuja kumjulia hali. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia nyama, na alimpenda sana mume wa dada yake, ndiyo maana hakumwacha apumue.

"Kwa hiyo shemeji, daktari hatakugusa."

"Hatanigusa."

"Atakaa wapi?"

"Pembeni. Mita tatu, wamesema. Amekaa kwenye kiti, kichwa amekiingiza kwenye tundu, anatazama picha."

"Miaka thelathini nakata nyama, sijawahi kumkata ng'ombe kutoka mita tatu."

"Lakini ng'ombe wako hawalalamiki," akasema mkewe Mwalimu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano yake.

"Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika," shemeji akakubali kwa unyenyekevu.

Mwalimu hakucheka. Hakuogopa kisu, wala kufa hakukumsumbua sana, kwa kuwa amekaa kando ya wanafunzi wapya kwa miaka thelathini na minne na kufa alikwisha kukuzoea kama jirani. Kilichomshinda kilikuwa nusukaputi. Saa nne amelala fofofo, mtu mwingine anaendesha, na mtu huyo hata usukani wenyewe haushiki, anashika kitu kinachoshika kitu. Na mguu wake utakuwa wapi? Utakuwa umelala na mwenyewe.

Akarudi kliniki kuuliza kama anaweza kupasuliwa kwa mkono, kama watu wa zamani. Daktari akamwambia inawezekana, ila atapoteza damu nyingi zaidi, na moyo wake, kwa vipimo vile, hauna akiba. Mwalimu akasema atafikiri. Akaiweka fomu chini ya rimoti ya televisheni, akafikiri wiki tatu.

Mkewe hakubishana naye. Walikuwa wameoana miaka arobaini na mmoja, na alijua kwamba mtu yule ukimsukuma anafunga breki. Alichofanya ni kuitoa fomu chini ya rimoti kila asubuhi na kuiweka chini ya kikombe chake cha chai. Kila asubuhi Mwalimu alikunywa chai, akainua kikombe, akaona mahali pa kutia sahihi pakiwa na duara jipya la kahawia, akairudisha fomu chini ya rimoti. Ratiba ya ile fomu ikawa hivyo: mchana chini ya rimoti, asubuhi chini ya kikombe. Tarehe ya upasuaji iliyoandikwa juu yake ilikuwa Alhamisi ya wiki inayofuata, na hospitali ilisema fomu isiporudi kabla ya Jumatatu, nafasi itapewa mwingine, naye atasubiri miezi minne.

Ijumaa mkewe akachukua simu, akaenda jikoni, akafunga mlango. Alizungumza na karani, kisha na karani wa karani, mwishowe na daktari mpasuaji mwenyewe. Mwalimu alisikia sentensi moja tu kupitia mlango: "Hatasaini mpaka aone usukani."

Kesho yake, Jumamosi mchana, walikuwa wamesimama katika chumba cha upasuaji kisicho na mgonjwa. Walivishwa kofia za karatasi na soksi za plastiki juu ya viatu. Mashine ilikuwa katikati ya chumba, ndefu kuliko mlango, mikono yake minne imefunikwa nailoni kama makochi mapya ambayo wenyewe hawajaamua kuyakalia. Kando yake palikuwa na kitanda chembamba. Mita tatu kutoka kitandani, na Mwalimu alizipima kwa hatua, palikuwa na kiti, na mbele ya kiti kisanduku chenye tundu la kutazamia, na chini ya kisanduku, safu ya pedali.

Daktari mpasuaji alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, amevaa viatu vya mpira vya kijani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Mwalimu akamtazama. "Uliwahi kupita kwangu?"

"Miezi saba. Hukunipeleka kwenye mtihani. Mwishowe nilihamia kwa mwalimu mwingine."

Hapakuwa na ajabu yoyote. Mtu aliyefundisha udereva katika mji mmoja kwa miaka thelathini na minne hana budi kukutana na wanafunzi wake katika kila ofisi, na siku moja mmoja wao atakuwa ameshika kisu. Ilikuwa hesabu tu. Hata hivyo Mwalimu alihisi joto likipanda shingoni. Sura hakuikumbuka. Yeye aliwakumbuka watu kwa makosa yao.

"Tatizo lako lilikuwa nini?"

"Sijui, Mwalimu. Uliliandika kwenye daftari, ukanifichia."

Mkewe akafungua mkoba. Jina la daktari lilikuwa limechapwa kwenye fomu tangu siku ya kwanza, nao wengine waliona fomu tu, lakini mtu wa maktaba husoma kila kitu. Akatoa daftari la mwaka husika, lililokwisha kuwekwa kipande cha uzi mahali panapohitajika, akampa mumewe.

Mwalimu akavaa miwani. Mstari ulikuwa kwa mkono wake mwenyewe, wino wa bluu: "Anafunga breki kabla ya sababu. Anaogopa mambo ambayo hayajatokea. Hafai barabarani."

Daktari alikuwa amesogea na kusoma juu ya bega lake.

"Ni kweli kabisa," akasema. "Gari langu la sasa nimelibadilishia pedi za breki mara nne."

Mwalimu akafunga daftari polepole. Halafu, kwa kuwa pedali zilikuwa mbele yake, akaketi kwenye kile kiti.

Daktari alimwonyesha. Chini ya mikono ya mashine palikuwa na kibao cha mpira chenye vigingi na pete ndogo, vya kujifunzia. Mwalimu akaingiza uso kwenye tundu, akaona pete ikiwa kubwa kama tairi, karibu mno hata akataka kuigusa. Akatia vidole kwenye vishikio. Akasogeza mkono, na kule mita tatu, kidude chembamba kama kalamu kikasogea pia, ila kwa hatua fupi zaidi.

"Mkono wako ukienda sentimita tatu, yenyewe inakwenda moja," akasema daktari. "Mkono ukitetemeka, mtetemo haufiki kule."

"Na yenyewe ikiamua jambo?"

"Haiamui. Hata haijui kama wewe upo."

"Hiyo pedali ni ya nini?"

"Kamera. Usiikanyage."

"Sijaikanyaga."

"Mguu wako uko njiani, Mwalimu."

Akautazama. Ulikuwa njiani kweli. Akaurudisha, akauliza swali ambalo wiki tatu zote alikuwa hajalipatia maneno.

"Breki yangu iko wapi?"

"Yako?"

"Ya mwalimu. Wewe ukikosea, nani anasimamisha?"

Daktari hakucheka, na Mwalimu aliliweka jambo hilo upande wake wa mizani. Alimwomba ampishe, akaketi, akaanza kuichezesha ile pete. Halafu akainua kichwa. Mikono yote ikaganda ilipo, pete ikiwa imeshikwa nusu ya njia.

"Uso ukitoka hapa, kila kitu kinasimama. Nikigeuka kuongea na mtu, inasimama. Nikipiga chafya, inasimama. Na pale kitandani, mita sifuri kutoka kwako, kuna mpasuaji wa pili na muuguzi, macho yao kwako muda wote. Wana kitufe chekundu. Hawaniombi ruhusa."

"Na wakikibonyeza bila sababu?"

"Tunasimama, tunaulizana, tunaendelea. Hakuna anayepiga honi."

Kwa miaka thelathini na minne Mwalimu alikuwa ameota gari linalosimama lenyewe pale dereva anapogeuza shingo kutazama duka la nguo. Akaomba kiti tena. Akaingiza uso, akatoa uso. Mikono ikatembea, ikaganda. Alirudia mara kumi na moja. Mkewe alihesabu, huku ameketi juu ya stuli ya muuguzi na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri basi ambalo ameshaliona kwa mbali.

"Bado unafunga breki mapema?" akauliza Mwalimu, uso ukiwa ndani ya tundu.

"Mapema kuliko zamani."

"Nipe kalamu."

Fomu ilitoka kwenye mkoba uleule. Daktari akaipokea, akaitazama dhidi ya taa, akaona yale maduara ya kahawia yaliyopandana.

"Hii ni nini?"

"Mihuri," akasema mkewe Mwalimu.

Alhamisi asubuhi wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, taa za dari zikipita juu yake moja baada ya nyingine. Kona ya kwanza mguu ukakanyaga hewa. Kona ya pili pia. Chumbani, mtu wa dawa ya usingizi alikuwa akimbandika nyaya kifuani, muuguzi akajaribu kuufunika mguu kwa shuka, shuka ikaruka.

"Mzee, huu mguu unataka kwenda wapi?"

"Mwache nao," ikasema sauti ya daktari kutoka pembeni, mita tatu. "Huo uko kazini."

Wakamwambia ahesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Alitaka kuwaambia kwamba anayerudi nyuma lazima atazame vioo vyote viwili. Alifika saba.

Alipoamka, mdomo ulikuwa mkavu kama kiraka cha lami na kitu kizito kilikuwa tumboni, lakini alikuwa yeye, na alijua kwa sababu jambo la kwanza lililomjia lilikuwa lawama: nani ameweka kitanda hiki mlangoni. Mkewe alikuwa ameshika kidole gumba cha mguu wake wa kulia, juu ya shuka. Baadaye alimweleza kwamba kaka yake, mwenye bucha, alikaa kwenye benchi la nje saa tatu na dakika arobaini bila kusema neno, jambo ambalo familia yao haikuwahi kulishuhudia, na kwamba muuguzi mmoja alimpima shinikizo la damu akidhani ni mgonjwa.

Daktari akaja, alama ya barakoa bado ikiwa shavuni.

"Imetoka yote, Mwalimu. Damu uliyopoteza haijazi kikombe chako cha chai."

Mwalimu alilamba midomo. "Ulisimama mara ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Kwa sababu?"

"Mara moja ilikuwa kwa sababu. Kulikuwa na kamshipa kamejificha mahali ambapo si pake."

"Na hizo thelathini?"

"Sikujua ni ipi itakuwa ile moja."

Mwalimu akafumba macho. Mtu asiyemjua angedhani amelala. Mkewe, aliyekishika kile kidole, alijua kwamba anasahihisha daftari.

Siku tatu alizokaa wodini alitembea kwenye korido kama alivyoagizwa, mfuko wa mkojo mkononi, ameubeba kwa heshima ya mtu aliyetumwa na kitu cha thamani. Huko alikutana na roboti ya pili ya hospitali, kabati lenye magurudumu lililopeleka dawa kutoka duka la dawa hadi wodi na kusema "Naomba kupita" kwa sauti ya mwanamke mpole. Tabu yake ilikuwa moja. Likiona mtu lilisimama kumpisha, na watu wa wodi ile, ambao wamelelewa vizuri, nao walisimama kulipisha. Kabati lilisubiri, wazee wa nguo za wagonjwa walisubiri, dawa za saa nne zilifika saa tano. Mwalimu alilitazama siku nzima. Kesho yake alisimama kwenye makutano ya korido mbili, mfuko mkono wa kushoto, akainua mkono wa kulia kuwazuia watu, akalipungia kabati lipite. Likapita. Wauguzi walikuja kugundua kwamba dawa zinafika kwa wakati zamu zote za yule mzee wa chumba cha sita, wakaanza kumpangia muda wa matembezi.

"Ukitoka hapa tutafanyaje?" akauliza muuguzi.

"Lifundisheni kuwa na kiburi kidogo," akasema Mwalimu.

Akarudi nyumbani, na siku ya kumi na mbili akaja tena, kutolewa mpira wa mkojo na kusikia majibu ya maabara. Mpira ulitoka haraka kuliko hadhi yake ilivyotarajia. Majibu yalikuwa kwenye karatasi moja, na daktari aliisoma mwenyewe kwanza, yote, mpaka chini, huku Mwalimu akimtazama jinsi macho yake yanavyosimama kwenye kila mstari.

"Kingo za nyama tuliyoikata zote safi," akasema. "Ilikuwa ndani ya tezi, haikutoka. Utakuja kupima damu kila miezi mitatu. Kwa leo, huna kitu."

Mkewe akatoa leso, akajipangusa miwani, ambayo haikuwa na vumbi. Mwalimu akanyoosha mkono bila kugeuka, na daftari likawekwa mkononi, kwa sababu lilikuwa ndani ya mkoba. Hakufuta kitu. Chini ya mstari wa zamani akaandika tarehe ya siku ile na maneno mawili: "Aendelee hivyohivyo." Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, akaligeuza daftari ili mwanafunzi asome.

Shemeji alikuwa akiwasubiri nje na pikapu ya bucha. Walikaa watatu mbele, mkewe katikati, Mwalimu dirishani. Shemeji akawasha injini, akaondoka kama nyama itaoza. Tuta la kwanza, pale getini, alilipita bila kuliona, na Mwalimu akafungua mdomo kumwambia. Jua lilikuwa limeingia kwenye kioo na kuketi mapajani pake. Akaufunga.

Kitu kilichofuata alichokijua ni kwamba shingo inamuuma na geti la nyumba yao liko mbele ya kioo.

"Tumefika?"

"Dakika kumi sasa," akasema shemeji. "Dada amenikataza kuzima injini. Amesema kimya kingekuamsha."

"Sikulala. Nilikuwa naisikiliza injini. Ina mngurumo upande wa kushoto."

"Huo mngurumo ulikuwa pua yako, shemeji. Tangu hospitali."

Mwalimu akawaza. "Mzunguko wa sokoni uliupitaje?"

"Vibaya. Trafiki alinipigia filimbi."

"Sikusikia filimbi."

"Ndiyo hivyo."

Akamgeukia mkewe apate mtu wa kumtetea. Mkewe hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama sakafu ya pikapu, pale ambapo mguu wa kulia wa Mwalimu ulikuwa umelala kwa ubavu, kiatu kimelegea, kama kitu kilichoachwa na mtu aliyekwenda likizo. Mwalimu naye akautazama. Akajaribu kuunyanyua ashuke, ukakataa. Ulikuwa umekufa ganzi.

Shemeji akazima injini. Wakakaa wote watatu wakisubiri uamke, na hakuna aliyekuwa na haraka.